Kabla hatujailaumu dhoruba

Meli ya mizigo ikipata maafa baharini, taarifa ya kwanza huwa fupi na maneno yake ni yaleyale: imekumbwa na hali mbaya ya hewa. Kesho yake picha zinasambaa, makontena yamelaliana, mengine yananing'inia nje ya sitaha, na watu wanatikisa vichwa wakisema bahari ni bahari. Wiki ikiisha, habari imekwisha. Kwangu mimi hapo ndipo ingepaswa kuanza. Katika bahari ileile iliyochafuka huwa kuna meli nyingine zinazopita na kufika salama, na kilichozitofautisha mara nyingi kilikwisha amuliwa kabla kamba hazijafunguliwa gatini.

Kuna msemo wa wazee kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Humfariji aliyefiwa, na msibani sina ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi wangu unaanza pale unapoingia kwenye ripoti ya uchunguzi.

Chukueni habari ya meli ya Uingereza iitwayo Derbyshire. Ilikuwa meli ya shehena ya kichele, yaani inayomwagwa bila kufungwa, urefu wake karibu mita 300, na ilikuwa bado changa, umri wake miaka minne tu. Septemba 1980 ilikuwa safarini kutoka Kanada kwenda Japani na zaidi ya tani 150,000 za madini ya chuma. Ikakutana na kimbunga Orchid karibu na Okinawa, ikapotea na watu wote 44 waliokuwamo, bila hata kutuma wito wa kuomba msaada. Uchunguzi rasmi uliotolewa 1989 ulisema kwamba huenda meli ilizidiwa na nguvu za asili. Kwa maneno mengine, dhoruba imefanya kazi yake, nendeni nyumbani.

Familia hazikwenda nyumbani. Zilidai, zikaandika barua, zikapiga kelele mwaka baada ya mwaka, hadi 1994 msafara uliogharamiwa na shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji ukaikuta meli imelala zaidi ya kilomita nne chini ya maji. Picha zikapigwa kwa maelfu, na uchunguzi ukafunguliwa upya. Mwaka 2000 jibu likapatikana. Mawimbi yalivunja mabomba ya hewa na matundu ya kuingizia hewa yaliyokuwa omo, yaani sehemu ya mbele ya meli. Maji yakawa yanaingia kidogo kidogo kwenye bohari la mbele, omo ikazidi kuzama, na mawimbi yakaanza kuangukia moja kwa moja juu ya mfuniko wa ngama ya kwanza, yaani chumba cha shehena. Mfuniko ule haukujengwa kubeba uzito huo. Ulipobonyea, ngama ikajaa, na zilizofuata nazo zikaenda hivyohivyo.

Mfuniko huo ulikuwa halali. Ulitosheleza masharti ya kimataifa ya 1966 ambayo meli nyingi duniani zilikuwa zinayafuata. Udhaifu ulikuwa kwenye masharti yenyewe, na baadaye yalikazwa. Isitoshe, kabla ya hitimisho la 2000 mabaharia walikuwa wameshatupiwa lawama kwamba hawakufunga vizuri kifuniko cha bohari la mbele. Uchunguzi wa mwisho uliwasafisha. Nikifikiria kwamba watu wale walikaa miaka wakituhumiwa uzembe ilhali wamelala chini ya bahari na hawawezi kujitetea, roho inaniuma. Kama familia zingelichoka njiani, wangebaki na tuhuma hiyo hadi leo, na mifuniko ingebaki dhaifu.

Kwenye makontena mambo yanaonekana tofauti lakini kiini ni kilekile. Ukisimama sitahani katikati ya safu za makontena, ukatazama juu, utashangaa jinsi vinavyoushikilia mzigo ule vilivyo vidogo. Katika kila pembe ya kontena kuna kufuli la chuma linaloweza kubebwa kwa mkono mmoja, linalozungushwa ili kulibana kontena la juu na la chini yake. Kisha zipo nondo za kukazia, zimepita kimshazari kutoka sitahani hadi pembe za makontena ya chini, zimekazwa kwa skrubu kubwa. Nondo hazifiki hadi kileleni. Yale ya juu kabisa yanashikwa na kufuli peke yake. Nondo moja ikilegea, au kufuli moja likiwa limelika kwa kutu na hakuna aliyelikagua, safu nzima inapata nafasi ya kucheza, na kitu kizito kikishapata nafasi ya kucheza kinazidi kuitanua.

Sasa iyumbishe meli hiyo. Watu wengi hudhani hatari ni meli kulala sana upande mmoja, na kweli hilo ni hatari. Lakini meli pana mno zina tatizo la pili: zimesimama imara kiasi kwamba zikiinamishwa hurudi wima kwa ghafla, na ule mrudio wa ghafla ndio unaokata vyuma. Halafu kuna mtikisiko ambao mabaharia wanauogopa zaidi, wakati mawimbi yanayotoka mbele yana urefu unaokaribiana na urefu wa meli na yanapishana kwa muda unaooana vibaya na myumbo wake. Meli iliyokuwa inayumba kidogo inaweza, baada ya mawimbi machache tu, kuinama nyuzi 30 na zaidi. Meli ya makontena APL China ilikutwa na jambo hili Bahari ya Pasifiki mwaka 1998, ikapoteza mamia ya makontena, na tangu wakati huo wataalamu wameliandika sana. Kwa hiyo mtu asiniambie leo kwamba ni mambo yasiyojulikana.

Usiku wa kuamkia 2 Januari 2019, MSC Zoe, meli yenye urefu wa karibu mita 400, ilipoteza makontena 342 kaskazini mwa visiwa vya Uholanzi. Viatu, vitu vya kuchezea na chembe za plastiki vikatapakaa fukweni, na wakazi wa visiwa wakaanza kuokota kwa mikono yao. Upepo ulikuwa mkali, ndiyo, ila haukuwa wa ajabu kwa bahari ile wakati wa baridi. Wachunguzi wa Uholanzi walieleza kwamba katika njia ile ya kusini, yenye kina kidogo, meli kubwa namna hiyo ilikuwa na uwezekano wa kugusa au kukaribia kugusa sakafu ya bahari, juu ya kuyumba kwa nguvu na kupigwa na maji hadi kwenye makontena. Ipo njia nyingine upande wa kaskazini, kina chake ni kikubwa zaidi. Zote mbili ziliruhusiwa. Mimi hapo siioni dhoruba peke yake, naona ramani na kalamu.

Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 2020, ONE Apus ilipoteza makontena zaidi ya 1,800 katika Pasifiki ikitoka China kwenda Marekani, ikalazimika kugeuza hadi Kobe. Kuyaondoa yaliyoanguka na kupondeka sitahani kulichukua miezi.

Bado hatujagusa uongo wa uzito. Januari 2007 MSC Napoli ilipasuka ubavu katika dhoruba kwenye Mlango wa Uingereza. Mabaharia 26 waliokolewa kwa helikopta, na meli ikapandishwa ufukweni Branscombe. Dunia ilikumbuka zaidi watu waliokwenda kuchukua pikipiki zilizooshwa pwani. Mimi nakumbuka kazi iliyofanywa baadaye na wachunguzi wa Uingereza: walipima makontena 660 ya sitahani yaliyobaki makavu, wakakuta 137 yamepishana na uzito uliotangazwa kwa zaidi ya tani tatu. Moja lilipishana kwa tani 20. Tani ishirini! Mpangaji wa shehena ofisini anaamini karatasi, anaweka kontena zito juu akidhani ni jepesi, na hesabu yote ya uimara wa meli inaharibika kabla haijatoka bandarini. Ripoti hiyo ilitaja pia mwendo wa meli katika bahari chafu na udhaifu wa mwili wake karibu na chumba cha injini. Tangu 1 Julai 2016 kanuni za kimataifa zinataka kila kontena lililojazwa lipimwe uzito kabla ya kupakiwa. Ni jambo jema. Lakini lilikuja miaka tisa baadaye, na bado linategemea uaminifu wa anayepima.

Kisha kuna saa. Meli inayochelewa inapoteza fedha, na kila nahodha anajua. Meli ya El Faro iliondoka Jacksonville, Marekani, jioni ya 29 Septemba 2015 kwenda Puerto Rico wakati dhoruba Joaquin inakua kuwa kimbunga kamili. Ilikuwa na umri wa miaka 40. Maafisa wa zamu ya usiku walimpigia nahodha simu chumbani mwake kupendekeza kubadili njia, naye akabaki na njia yake, akitegemea taarifa za hali ya hewa zilizokuwa zimepitwa na wakati kwa saa nyingi. Maji yaliingia ngamani, magari yakakatika vifungo, meli ikalala upande, injini ikazima kwa kukosa mafuta ya kulainisha. Watu 33 walikufa asubuhi ya 1 Oktoba. Tunayajua haya kwa sababu kinasa sauti cha meli kilitolewa kwenye kina cha zaidi ya mita 4,500 kikiwa na saa 26 za mazungumzo. Ni vigumu kuyasoma maneno yale bila kusimama kidogo. Katika mazungumzo yale dhoruba inaonekana inakaribia polepole, na muda wa kuikwepa ulikuwepo.

Si kila hasara huja na vifo au helikopta. Iliyo ya kawaida zaidi ni ya kimya. Nimeshuka ngamani mara nyingi baada ya meli kutoka kwenye bahari chafu, na kitu cha kwanza kinachokupokea ni harufu ya nafaka iliyoanza kuchacha. Magunia ya juu yana doa la kahawia lililochora mstari mnyoofu, chini kabisa ya maungio ya mfuniko. Mkaguzi anadondosha dawa ya nitrati ya fedha juu ya doa. Likigeuka jeupe kama maziwa, kuna chumvi, na maji yale yametoka baharini. Kisha unapanda juu, unautazama mpira unaoziba mfuniko, unakuta umekauka, umepasuka, sehemu nyingine umebanwa hadi ukabaki bapa. Mpira haufiki hali hiyo kwa usiku mmoja wa mawimbi. Hata hivyo taarifa ya nahodha itakuwa imeshaandikwa na kupigwa muhuri: bahari iliyochafuka kupita kawaida.

Kinachonishangaza ni kwamba sheria yenyewe haiungi mkono uvivu huu. Kanuni zilizoandikwa Brussels mwaka 1924, ambazo msingi wake bado unatumika katika hati nyingi za shehena, zinampa msafirishaji kinga dhidi ya hatari za bahari. Lakini kabla ya hapo zinamtaka afanye jitihada zinazostahili kuhakikisha meli inafaa kwa safari, kabla ya kuondoka na wakati wa kuondoka. Swali la mpira, kufuli na mabomba limo humo tangu mwanzo. Tatizo ni nani wa kuliuliza. Mwenye shehena kubwa ana mwanasheria na mkaguzi wake. Mwenye kontena moja, tena asiye na bima, anapokea barua pepe na kukata tamaa.

Huyu wa kontena moja anaweza hata kudaiwa wakati mzigo wake haujaguswa. Utaratibu wa kuchangia hasara ni wa kale sana: ikibidi kutosa shehena ya baadhi ili meli iokoke, wote walionusuriwa wanachangia. Siku hizi unaongozwa na Kanuni za York na Antwerp, na unahusu pia gharama za kuivuta na kuiokoa meli. Nauona ni utaratibu wa haki. Isiyo haki ni kwamba watu wengi wanausikia kwa mara ya kwanza siku wanapoambiwa hawatapewa mzigo mpaka waweke dhamana. Kama unasafirisha chochote kwa meli, kata bima ya mzigo, na uulize kabisa kama inagusa mchango huo. Usiache wakala akujibu kwamba haina haja.

Tangu 1 Januari 2026 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unamlazimu nahodha kutoa taarifa makontena yanapoanguka: mangapi, wapi, lini, na kama yana vitu vya hatari. Zamani idadi tuliyokuwa nayo ilitegemea zaidi kampuni kujitolea kusema. Naishukuru hatua hiyo, maana kontena linaloelea nusu chini ya maji linaweza kuua wavuvi usiku. Ila haitoshi. Ningependa taarifa hiyohiyo ifuatwe na nyingine iliyo wazi kwa umma: mwendo wa meli saa hiyo, njia iliyochaguliwa na iliyoachwa, uzito uliotangazwa na uliopimwa, na tarehe ambayo kufuli na nondo zilikaguliwa kwa mara ya mwisho, pamoja na jina la kampuni iliyozikagua.