Aproni ya pili inawaumiza waliolea wachezaji wao

Aliyezoea usajili wa soka akianza kufuatilia NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, hukwama mahali pamoja: kule mchezaji hanunuliwi. Hakuna ada ya uhamisho. Timu hubadilishana mikataba, na mkataba unaoingia lazima ukae ndani ya hesabu za kikomo cha mishahara, yaani kiasi ambacho ligi inaweka kwa mishahara ya kikosi kizima.

Mfano mzuri ni Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi. Msimu wa 2015-16 aliichezea Toronto kwa mshahara wa kama dola milioni 2.8. Kwenye fainali ya Mashariki dhidi ya Cleveland alikusanya ribaundi (mipira iliyokosa kikapu) 26 katika mechi moja. Kiangazi hicho fedha za televisheni ziliruka na kikomo kikapanda kutoka dola milioni 70 hadi 94.1. Orlando wakampa kama dola milioni 70 kwa miaka 4. Toronto hawakuwa na la kufanya. Alikuwa amewachezea msimu mmoja tu, na bila nafasi chini ya kikomo haki yao juu yake iliishia asilimia 120 ya mshahara wake wa awali, yaani kama dola milioni 3.4.

Angekaa misimu 3 bila kuhama akiwa mchezaji huru, Toronto wangekuwa na haki kamili ya Bird, iliyopewa jina la Larry Bird. Haki hiyo inairuhusu timu kuvuka kikomo ili kumbakiza mchezaji wake, hata kwa mshahara wa juu kabisa, kwa miaka 5 na nyongeza ya asilimia 8. Timu nyingine humpa miaka 4 na asilimia 5. Tena mchezaji akibadilishwa katikati ya mkataba, haki hiyo huenda naye. Hapo ndipo utaelewa kwa nini timu hutoa zamu za drafti (zamu za kuchagua vijana wanaoingia ligini) kumpata mchezaji aliyebakiza miezi michache tu kwenye mkataba: inanunua haki ya kumlipa baadaye.

Kanuni hiyo naiona ya haki kabisa, kwa sababu inamthamini aliyemlea mchezaji. Kilichoiharibu ni mkataba wa pamoja wa 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji, ulioleta aproni ya pili, mstari wa mishahara ulio juu zaidi ya kikomo.

Kwa msimu wa 2025-26 mistari iko hivi: kikomo ni dola milioni 154.6, kodi ya anasa inaanza 187.9, aproni ya kwanza 195.9, ya pili 207.8. Ukivuka mstari wa kodi unalipa fedha. Ukivuka aproni unanyang'anywa zana, na tajiri hawezi kuzirudisha kwa hundi.

Chukua timu iliyo juu ya aproni ya pili, ina wachezaji wawili wa dola milioni 15 kila mmoja, na inamtaka mmoja wa milioni 30. Hairuhusiwi kuwaunganisha hao wawili. Lazima imtoe mtu mmoja mwenye mshahara unaofikia milioni 30, na katika kikosi cha namna hiyo mtu huyo kwa kawaida ndiye nyota mwenyewe. Haiwezi kuongeza fedha taslimu kwenye mabadilishano. Mchezaji huru kutoka nje inampata kwa mshahara wa chini kabisa tu. Zamu yake ya raundi ya kwanza ya miaka 7 mbele inagandishwa, na ikibaki juu ya mstari misimu 2 kati ya 4 inayofuata, zamu hiyo inasukumwa hadi mwisho wa raundi.

Sasa tazama Boston, mabingwa wa 2024. Jaylen Brown walimchagua wa 3 kwenye drafti ya 2016, Jayson Tatum wa 3 mwaka 2017. Mishahara ya wawili hao kwa msimu wa 2025-26 ni kama dola milioni 107, zaidi ya nusu ya aproni ya pili kabla hujamlipa mtu wa tatu. Kiangazi cha 2025 Jrue Holiday akapelekwa Portland, Kristaps Porzingis akaenda Atlanta, Luke Kornet na Al Horford wakaondoka wakiwa wachezaji huru. Tatum alikuwa amekatika kano ya kisigino, ni kweli, lakini kikosi kile kilikuwa lazima kivunjwe hata angekuwa mzima.

Wengine hujaribu njia ya kunyoosha mkataba: kumwachia mchezaji na kugawa deni lake kwa miaka mingi zaidi. Milwaukee walimwachia Damian Lillard akiwa anawadai kama dola milioni 113 za miaka 2. Kanuni husema zidisha miaka iliyobaki kwa 2, ongeza 1: ikawa miaka 5, kama milioni 22.5 kila mwaka. Nafasi ikapatikana ya kumsajili Myles Turner, lakini hadi msimu wa 2029-30 fedha hizo zitahesabiwa kwenye vitabu vyao kwa mtu asiyewachezea. Na hawawezi kurudia kirahisi, maana jumla ya mikataba iliyonyooshwa haipaswi kupita asilimia 15 ya kikomo, ambayo kwa msimu wa 2025-26 ni kama milioni 23.2.

Ninachopendekeza ni kidogo. Mchezaji uliyemchagua mwenyewe na hajawahi kuondoka, asilimia 20 ya mshahara wake isihesabiwe kwenye aproni. Kodi ilipwe yote, kwa hiyo tajiri hapati msamaha wa fedha. Boston wangepata nafasi ya zaidi ya dola milioni 21, karibu mshahara wa mchezaji mzuri wa kuanza. Timu iliyokusanya nyota wa wengine isipate kitu.

Inayofuata ni Oklahoma City, mabingwa wa 2025. Chet Holmgren na Jalen Williams, wote wa drafti ya 2022, mikataba yao mipya inaanza 2026-27, na ule wa Shai Gilgeous-Alexander unafuata 2027-28. Shai alitoka Clippers, kwa hiyo pendekezo langu lisingemgusa. Wale wawili lingewagusa.