Wati Nane na Baba Mkwe

Amplifaya ya valvu, yaani mtambo wa kukuza sauti kwa zile taa za kioo za zamani, niliipata kwa shemeji yangu wa Muscat, baada ya mkewe kununua mapazia mapya na kutamka kwamba kile chuma kinachowaka hakiendani nayo. Chuma chenyewe ni kizito, ukikibeba peke yako unakumbuka dhambi zako zote. Juu yake zimesimama valvu mbili kubwa za 300B, moja ya kulia, moja ya kushoto, na vijivalvu vidogo mbele. Hizi 300B zilitolewa na Western Electric ya Marekani mwaka 1938, na wapo watu, Japani hasa, ambao hadi leo wakizitaja hushusha sauti kama wanamtaja walii. Ikifanya kazi moja moja kila upande, 300B inakupa wati 8 hivi. Ukutani mtambo unavuta kama wati 150. Zinazobaki zote ni joto, na kwa joto la Dar es Salaam unaweza kukisia furaha ya mke wangu.

Spika nilizokuwa nazo ni visanduku viwili vya mbao nilivyouziwa na Mwingereza aliyekuwa anahama Oysterbay. Ni vya ukoo wa zile spika ndogo ambazo BBC waliziunda miaka ya 1970 za kusikilizia ndani ya magari ya matangazo, mahali ambapo fundi amekaa na spika iko usoni pake. Na kwa matumizi hayo, wallahi, sijasikia kitu kama vile. Usiku, mlango umefungwa, kiti kimoja tu sebuleni: unamsikia mwimbaji wa taarabu akivuta pumzi kabla ya ubeti, unasikia kijiti cha mpiga udi kikikwaruza waya. Nilikuwa nimetulia, sina ugomvi na mtu.

Basi habari zikamfikia baba mkwe. Zilimfikiaje sijui, ila mke wangu siku hiyo alikuwa mwepesi mno wa kuosha vyombo.

"Nasikia una mtambo wa valvu," akaniambia kwa simu. "Nitakuja Idi pili na santuri zangu. Wakwe zako wote watakuja wasikie muziki ulivyokuwa."

Ningemwambia nini? Kwamba baba, mtambo huu ni wa mtu mmoja na nusu? Mkwe haambiwi hivyo. Nikasema karibu sana, baba.

Hapa inabidi nitaje hesabu, vumilieni. Visanduku vyangu ukivipa wati 1, ukakaa mita 1, vinatoa kama desibeli 83, desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3. Wati 2, 86. Wati 4, 89. Wati 8, 92, na hapo amplifaya imemaliza akiba. Desibeli 92 pale puani ni kelele za kutosha. Uani Magomeni, siku ya Idi, watoto wa ukoo mzima wanagombania puto na jirani anakaanga samaki, hazisikiki hata na aliyeziweka.

Asubuhi ya Idi pili nikautoa mtambo uani, nikauweka kwenye meza ya plastiki chini ya mwembe, nikauwasha mapema upate moto. Nikaenda kuoga. Kurudi, juu ya kile kifuniko cha transfoma, katikati ya valvu mbili zinazong'aa, kumekaa sufuria. Nikafunua. Unga wa mkate wa kumimina, umeumuka hadi ukingoni, povu linachungulia, tone moja limeshaanza safari ya kushuka kwenye volti mia nne.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi," mke wangu akajibu kutoka jikoni, hana hata wasiwasi. "Tangu uilete hii amplifaya leo ndiyo mara ya kwanza imenisaidia. Hamira imewahi hiyo!"

Sikubishana. Na mkate, kusema kweli, ulikuja kuwa laini kuliko wa Idi zote zilizopita.

Wakwe wakafika saa sita. Shikamoo, marahaba, Idi Mubarak, viti vikapangwa kama vya harusini. Baba mkwe, kanzu nyeupe na koti juu, akafungua mkoba wake akatoa santuri moja iliyofungwa kwa kitambaa. Nikaiweka kwa mikono miwili, nikashusha sindano, nikasogeza kitasa. Nikakisogeza tena. Nikakifikisha mwisho.

Ukimya. Si ukimya kamili. Ukisogeza sikio ulisikia kama watu wanapiga gitaa kule Manzese.

Baba mkwe akainama akazitazama valvu kwa muda. "Taa nimeziona," akasema. "Muziki utawaka saa ngapi?"

Mashemeji wakakohoa. Wote kwa pamoja.

Ndipo mke wangu akamwita dogo wa nyumba ya tatu, ambaye hukodisha muziki wa sherehe. Dogo akaja na makabati mawili kwenye guta, kila moja lina besi ya inchi 15 na honi juu yake. Akautazama mtambo wangu.

"Bro, wati ngapi hii?"

"Nane."

Akasubiri nimalizie sentensi. Alipoona nimemaliza, akasema taratibu, kama anayetoa pole: "Taa ya chooni kwetu ni wati tisa."

Mashemeji wakakohoa tena, safari hii mmoja akaenda kukoholea nje ya geti.

Sasa dogo, pamoja na dharau zake, hakujua kitu kimoja. Makabati ya namna ile ni mepesi kuliza: wati 1 tu, mita 1, unapata kama desibeli 98. Yanawazidi wale Waingereza wangu wa mbao kwa 15. Maana yake, visanduku vyangu vingehitaji zaidi ya wati 250 kulia kama makabati yatakavyolia kwa zile zangu 8. Watu huuliza amplifaya ina wati ngapi. Mimi siku hizi namuuliza mtu kwanza ana spika gani, akinijibu "kubwa" nabadilisha mazungumzo. Nikauzima mtambo, nikangoja, nikahamisha nyaya kutoka skrubu ya 16 kwenda ya 8, kwa sababu makabati yake ni ya omu 8, omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. Baba mkwe akanong'ona, "Kazima. Imekufa." Nikauwasha upya.

Kwanza ukaja mngurumo. Mmmmmm. Mtambo ulikuwa nao siku zote. Visanduku vyangu vilikuwa vinanisitiri. Kisha sindano ikagusa santuri, na magitaa yakatoka mule ndani, tarumbeta ikafuata, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Dogo akarudi nyuma hatua mbili. Akazunguka meza kutafuta amplifaya nyingine iliyofichwa.

Wakwe wakaanza kutingisha vichwa. Mimi nikaanza kutembea kwa mikono nyuma.

Santuri ilipofika mwisho, baba mkwe akauona ule mngurumo umebaki peke yake, haukumpendeza. Kizazi chake kina dawa moja ya redio ya valvu. Akakunja mkono wa kanzu. Nikamwona. Nikafungua mdomo niseme "baba, usi—", lakini baba mkwe hakatazwi kitu mbele ya watoto wake, na huku nikitafuta tafsida, akaizaba meza kofi.

KONGOOO!

Vile vijivalvu vya mbele, kimoja kina ugonjwa: ukikigusa, vyuma vyake vya ndani vinatikisika na mtikisiko unageuka sauti. Kwenye visanduku vyangu nilikuwa nasikia "ti" ndogo, nikipuuza. Kwenye honi za dogo ilikuwa kengele ya shule.

Baba mkwe akautazama mkono wake. Akaipiga meza tena, polepole. Kongo. Kidole kimoja: king. Uso wote ukamfunguka. Akavuta kiti, akakaa mbele ya ile meza ya plastiki, akaanza kupiga kwa vidole na viganja, kong-king-king-kong, na mtaa mzima ukaitika. Mashangazi wakainuka na kanga zao. Santuri nikataka kuigeuza, nikaambiwa niondoe mkono wangu, nisiharibu ngoma. Watoto wakaacha puto. Jirani akaja na samaki wake.

Wakiwa wamenoga hivyo, dogo akatazama simu, akakumbuka ana sherehe Mwananyamala. Bila kuaga akainama nyuma ya kabati, akashika waya ili auchomoe, mtambo unawaka na baba mkwe yuko katikati ya pigo. Amplifaya ya valvu ukiiondolea spika huku sauti inapita, umeme unakosa pa kwenda, unapanda, transfoma ya kutokea, ile inayopeleka sauti kwenye spika, inaungua; na transfoma hiyo ndiyo nusu ya bei ya mtambo. Yote haya nilitaka kuyaeleza kwa adabu. Kilichotoka kinywani ni:

"USIGUSE! ITALIPUKA!"

Sijawahi kuona wazee wakikimbia namna ile. Mashangazi walipita getini watatu kwa mpigo, geti la mtu mmoja. Pilau likabaki na nzi. Baba mkwe peke yake hakuinuka, aliendelea kupiga, maana kwa zile honi hakunisikia, na dogo akabaki ameganda na waya mkononi, haukuchomoka, hapumui.

Nikapunguza sauti, nikazima, nikahesabu kimoyomoyo mpaka valvu zikafifia, nikamwambia dogo sasa ruksa. Kutoka barabarani, viatu mkononi, mama mkwe akauliza kama kimeshalipuka, kwa sababu mkoba wake umebaki ndani.