Foki ya Pikipiki Yenye Kigari: Kuiacha au Kuibadilisha?

Ukitaja tu kufunga kigari cha pembeni kwenye pikipiki, kuna kauli itakayotangulia maswali yote: foki, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, usiiguse, kiwanda kilijua kinachokifanya. Ni kauli ya watu waangalifu na ina sababu zake, nitazifikia. Ila kiwanda kiliichora foki ile kwa ajili ya chombo cha magurudumu mawili kinacholala kwenye kona. Ukishafunga kigari, pikipiki hailali tena.

Chukua fimbo iliyonyooka, ifuatishe na mhimili wa usukani, yaani mstari ambao usukani unazungukia, hadi iguse sakafu, piga alama ya chaki. Kisha funga nati kwenye uzi, uining'inize kutoka katikati ya ekseli ya mbele, na pale inapogusa chini piga alama nyingine. Hii ya pili itakuwa nyuma ya ile ya kwanza. Umbali kati ya alama hizo tuuite mkia. Pikipiki nyingi za barabarani zina mkia wa milimita 90 hadi 115 hivi, na ndio unaozifanya zinyooke zenyewe, kama gurudumu la toroli linavyojipanga nyuma ya egemeo lake.

Kwenye pikipiki ya kawaida mkia huo haukuchoshi, maana kona unaikata kwa kuilaza. Yenye kigari unaigeuza kwa mikono kama gari, bila gia ya usukani ya gari. Barabara inalisukuma tairi upande, mkia unageuka kuwa wenzo, na mwisho wa wenzo huo ni viganja vyako. Tufanye hesabu ya mfano: gurudumu la nusu kipenyo cha milimita 300, shingo ya fremu, yaani bomba linalobeba mhimili wa usukani, iliyolala nyuzi 27 kutoka wima, ekseli ikiwa milimita 40 mbele ya mhimili wa usukani. Mkia unakuja milimita 108. Kona ikilisukuma tairi la mbele kwa nyutoni 500, kwenye usukani wenye upana wa sentimita 76 mikono inadaiwa kama nyutoni 125, sawa na uzito wa kilo 13 hivi. Punguza mkia ufike milimita 40, deni linashuka chini ya nyutoni 50, yaani kilo 5.

Hizo kilo 8 za katikati ndizo naona zinapuuzwa. Kona moja si kitu. Lakini panda milima ya Usambara, Tanzania, kutoka Mombo hadi Lushoto, kona ikipokea kona, huku kigari kimebeba mtu na mizigo, ndipo utajua kilo 8 ni nini. Na anayepanda kwa matembezi anaweza kusimama akanywa chai. Dereva wa pikipiki ya kubebea wagonjwa, kama zile zenye kigari zilizotumika wilayani Mangochi, Malawi, hana pa kusimama. Mikono ikichoka, kona inakatwa kwa kuchelewa, na kona iliyokatwa kwa kuchelewa ni kona pana. Wanaolizungumzia suala hili kwa jina la usalama wangeanzia hapo.

Tena viwanda vyenyewe havikuwahi kuona haya kubadilisha. BMW za kuanzia 1955, kina R50, R60 na R69, zilikuwa na foki ya Earles, ambayo gurudumu linabebwa na mkono unaocheza juu na chini. Egemeo la mkono huo lilikuwa na sehemu mbili za kufungia: ya nyuma kwa anayeendesha bila kigari, ya mbele kwa mwenye kigari. Ukihamia ya mbele, mkia unapungua. Mfululizo mpya wa 1969 ulikuja na foki za teleskopu, zile za mirija inayoingiana, na fremu isiyo na sehemu za kufungia kigari, na tangu hapo kazi ikaachiwa mafundi wa nje. Harley-Davidson nao, kwenye Tri Glide ya magurudumu matatu, shingo waliiacha kwenye nyuzi 26 kama ya Electra Glide yao ya magurudumu mawili, lakini foki zikalazwa hadi nyuzi 32 badala ya 29 na robo. Mkia ukatoka milimita 170 ukafika 100 hivi. Chombo kisicholala hakihitaji mkia mrefu, na waliochora mashine hiyo walilijua.

Angalia vizuri kilicholazwa pale, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Ukikata shingo ya fremu na kuilaza, kama wapendao mapambo wafanyavyo, mkia unaongezeka: katika mfano wetu, shingo ikitoka nyuzi 27 hadi 32, mkia unatoka 108 unafika 140. Umelipa fundi akuongezee uzito. Kinachotakiwa ni shingo ibaki ilivyo, ibadilishwe seti ya vishikio viwili, cha juu na cha chini, vinavyobana foki, ili foki zenyewe zilale kuliko mhimili wa usukani. Nyuzi 5 kwenye foki ya milimita 700 zinaisogeza ekseli mbele kama milimita 60, na mkia unaangukia kwenye 40. Naamini nusu ya sifa mbaya ya kazi hii imetokana na watu waliolaza shingo wakasema wamejaribu.

Sasa hoja za upande wa pili. Mkia mfupi unaleta mtetemo wa usukani kwenye mwendo mdogo, hasa kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, na dawa yake ni shokapu ndogo ya usukani, ambayo nayo ni gharama. Foki ya teleskopu iliyolazwa zaidi hukwama kidogo kwenye mashimo badala ya kuteleza. Ukitoa kigari, pikipiki ile si ya kuendesha peke yake tena. Na hoja nzito kuliko zote: kishikio kilichochomelewa uchochoroni kikivunjika, hakuna cha kujadili. Mwenye kuchagua kati ya kishikio cha namna hiyo na foki ya kiwanda, aiache foki ya kiwanda. Hapo siwapingi hata kidogo.

Lakini hiyo ni hoja dhidi ya kazi mbaya. Vishikio vilivyochongwa kwa mashine kutoka kwenye kipande kizima cha aluminiamu vipo, na foki za mkono kama za Ural, pikipiki za Kirusi zenye kigari, zipo pia, imara zaidi dhidi ya msukumo wa pembeni ingawa bei yake inauma.

Kabla ya yote, pima kigari kwanza. Gurudumu lake likielekea vibaya, pikipiki itavuta upande mmoja hata foki iwe ya dhahabu. Mwenye pikipiki ya cc 125 na kigari chepesi cha kwenda sokoni, au anayekitoa kigari kila wiki, aishie hapo. Mwenye pikipiki ya kilo 250 na kigari kisichotoka abadilishe, na vile vishikio vya kiwanda avifunge kwenye gunia avitunze, maana siku akiiuza, mnunuzi asiyetaka kigari atavidai.