Kibarua cha likizo na utumwa wa macho

Likizo ndefu ikikaribia, vijana wengi makanisani hutafuta kibarua, na mara nyingi wanachopata ni kile ambacho hakuna anayekisimulia kwa fahari: kuosha vyombo, kubeba mizigo, kupiga deki. Wakubwa nao huwafariji kwa maneno yaleyale: "Vumilia, Mungu anakufundisha unyenyekevu." Mimi nimefanya usafi wakati wa likizo, korido na vyoo vya jengo la ofisi, na naona faraja hiyo ni nyepesi mno. Mtu aliye chini kwa sababu hana pengine pa kwenda si lazima awe mnyenyekevu. Anaweza kushika fagio mchana kutwa huku moyo umejaa kiburi na uchungu. Nilichojifunza mimi ni kumfanyia Mungu kazi mahali ambapo hakuna jicho la mtu.

Usafi ukifanywa vizuri hauonekani. Anayeingia chooni akakikuta kikavu, hakinuki, haulizi nani alikuwa humu. Atauliza siku kikichafuka. Ndiyo maana mfanya usafi hujua mapema sana sehemu zinazokaguliwa na zisizokaguliwa. Kioo kinakaguliwa, sinki linakaguliwa. Nyuma ya choo, pale uchafu unaposhikana na ukuta, hakuna msimamizi anayeinama kuchungulia. Ukipaacha, ujira ni uleule. Kila siku unafika pale, na kila siku unaamua upya.

Paulo aliwaandikia Wakolosai kuhusu jambo hilohilo: watii "si kwa utumwa wa macho, kama wajipendekezao kwa wanadamu", yaani si pale tu wanapotazamwa. Mstari unaofuata ndio tunaoupenda na kuubandika ukutani: "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana." Tukiusoma peke yake tunasahau walioandikiwa. Walikuwa watumwa. Hawakuichagua kazi yao, na kwa sheria za Kirumi hata walichokishika mkononi kilikuwa mali ya bwana wao. Watu hao ndio wanaoambiwa, mstari mmoja tu mbele, kwamba watapokea urithi kwa Bwana. Sijui kama kuna ahadi nyingine katika waraka ule iliyowagusa wasikilizaji wake kwa karibu kiasi hicho.

Aliyenionyesha kazi alikuwa mama mmoja aliyenizidi umri kwa mbali. "Anzia kona ya ndani, mwanangu, urudi nyuma kuelekea mlangoni," aliniambia, "usije ukakanyaga ulipokwisha kupita." Maji ya ndoo aliyabadilisha kabla hayajawa meusi, maana maji machafu hayaondoi uchafu, yanauhamisha tu. Akifika nyuma ya choo alipiga magoti. Sikuwahi kumsikia akinukuu andiko, lakini Yohana sura ya 13 siisomi tena bila kumkumbuka. Yesu aliondoka chakulani, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akaanza kuwaosha wanafunzi wake miguu. Tunapoisimulia habari hiyo tunakaa sana kwa Petro aliyekataa, tunampita haraka Yuda, aliyekuwa karibu kumsaliti. Yuda alikuwa bado pale. Alitoka baadaye, usiku uleule. Miguu yake nayo ilioshwa, na aliyeiosha alijua inakokwenda. Ni vigumu kupata kazi isiyo na shukrani kuliko hiyo, na haikufanywa nusunusu.

Lakini hapa nataka kusema wazi, kwa sababu somo hili huharibika haraka likiingia mikononi mwa mwajiri. Mimi nilijua likizo itaisha. Mama yule alibaki na ndoo yake. Kwangu kazi ile ilikuwa darasa. Kwake ilikuwa chakula cha watoto. Kumwambia mtu kama yeye afanye kazi "kama kwa Bwana" huku ujira wake umecheleweshwa ni kulikata andiko katikati, kwa sababu maneno yaleyale ya Paulo yanaendelea hadi kwa mabwana, nao wanaamriwa wawape watumwa "yaliyo haki na ya adili". Torati ilishasema mapema zaidi kwamba ujira wa kibarua maskini ulipwe siku yake, kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake unautumainia. Na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimeingia masikioni mwa Bwana.

Kwa hiyo kijana anayeanza kibarua wiki hii, sitamwambia kwamba anapita tu njiani kuelekea utumishi wa kweli. Paulo alikuwa tayari mtume aliposhona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na sabato alikuwa katika sinagogi akihojiana na watu. Afanye kazi yake, mpaka nyuma ya choo. Na kanisa linalomsomea Wakolosai 3:23 siku ya kumwombea likizo njema lijiulize pia linamlipa kiasi gani, na siku gani, yule anayefagia ukumbi kabla ya ibada.