Kibatari Mwenye Mkia

Umeme ukikatika mtaani kwetu, wenzangu wanawaza friji na samaki waliomo. Mimi nawaza jina langu.

Msinicheke. Mimi bado ni mtu wa IRC, mfumo wa zamani wa kuchati kwa maandishi. Najua dunia nzima imehamia kwenye magrupu ya WhatsApp kupelekeana picha za waridi zenye "asubuhi njema", lakini mimi ni fundi kompyuta, na wanaojua kwa nini Linux yangu haiioni printa wanapatikana huko huko, kwenye maandishi matupu. Mfumo wenyewe aliutengeneza Jarkko Oikarinen, wa Chuo Kikuu cha Oulu huko Ufini, mwaka 1988. Inaelekea Oulu umeme haukatiki ovyo, maana mtu wa aina yangu hakumfikiria kabisa.

Iko hivi. Jina langu kule ni Kibatari, wote wananijua kwa hilo. Umeme unakatika, ruta inazimika, mimi nabaki gizani napapasa kiberiti. Seva iliyoko Ulaya haina habari. Haijasikia kwaheri, kwa hiyo inaamini nimekaa palepale, nimenyamaza tu kwa busara zangu. Baada ya muda inatuma PING. Aliye hai hujibu PONG. Kimya. Inasubiri. Inasubiri kwa heshima zote, dakika zinakwenda, ndipo itangaze kwamba Kibatari katoka, Ping timeout, sekunde 240. Humo katikati umeme umesharudi, nami nimeshaingia mbio na pumzi juu, naambiwa 433: jina hilo linatumika.

Linatumika na nani? Na mimi!

Wenyewe humwita mzuka, huyo anayebaki akiwa mwenyewe hayupo. Jamani, kwenye daladala ukitupia leso dirishani kuwahi siti, ukifika leso inakupisha. Leso yangu mimi inaniuliza wewe nani.

Sasa programu ya kuchati, kwa kutaka kunisitiri, inaniongezea kistari cha chini. Naingia nikiwa Kibatari_. Mkia! Umri huu, mke na watoto wanne, nasimama mbele za watu na mkia. Na wale hawana huruma. "Karibu, mdogo wake Kibatari." "Kaka yako mbona leo hasemi?" Kaka yangu yuko hapo juu kwenye orodha ya majina, hana mkia, hana habari, na bado wanamsalimia yeye kwanza.

Mkia nao una kipimo. Kanuni ya mwaka 1993, RFC 1459, ilimpa mtu herufi 9 za jina, basi. Kibatari ni 8. Mkia mmoja, umejaa. Kwenye EFnet, mmojawapo wa mitandao ya IRC, mpaka leo ni hizo hizo 9, kwa hiyo umeme ukikatika, ukarudi, ukakatika tena kabla hujakaa vizuri, mizuka inakuwa miwili na mkia wa pili hauna pa kuning'inia. Rafiki yangu aliyejiita Msemakweli alikatwa i ya mwisho, akawa Msemakwel. Mpaka leo hakuna anayemwamini.

Nikasema mkia sitaki, nitavaa mabano. Nikawa Kibatari{ na umeme nao ukafanya mambo yake. Niliporudi nikajaribu Kibatari[ kwa ujanja wote. Nikakataliwa! Kumbe kwa seva hiyo { na [ ni herufi moja, ile ndogo na hii kubwa, kwa sababu kwenye kompyuta za Skandinavia za enzi hizo nafasi za alama hizo walizitumia kwa herufi zao zenye vitone. Haya, mimi wa Mbagala vitone vya Ufini vinanihusu nini?

Wapo walioiona tabu hii mapema. DALnet, mtandao mwingine wa IRC, katikati ya miaka ya 1990 walileta NickServ, mtunza majina. Unasajili jina, unaweka nywila, ukimkuta mzuka unaandika GHOST, unataja jina na nywila, anatupwa nje, kisha unaandika NICK unakaa kwenye jina lako. Siku hizi mitandao mingine ina REGAIN, kazi zote mbili kwa mkupuo mmoja. Safi sana. Ila huyo mtunza majina ukichelewa kujitambulisha, ukawa umeenda kumwondoa jirani mbuzi wake mlangoni, unarudi unakuta umepachikwa jina la Guest na tarakimu tano nyuma yake. Mgeni! Kwenye jina nililosajili kwa mkono wangu! Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi mgeni miaka yote hii, jembe sijaliona.

EFnet ndiyo hawana hata huyo mtunza majina. Jina ni la aliyewahi. Huko mtu akilichukua usiku, utamtazama tu.

Basi nikaona niajiri skripti, maagizo yanayojiendesha yenyewe. Nilianza na mIRC, programu ya kuchati, amri moja fupi: /timer 0 30 /nick Kibatari. Sifuri maana yake bila kikomo, 30 ni sekunde. Kila nusu dakika inabisha hodi kwa niaba yangu. Uzuri wake haichoki, na ubaya wake haichoki. Dirisha zima likawa 433, 433, 433. Mtu akiniandikia jambo la maana linazama humo kama hakusema kitu.

Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha keepnick, skripti ya irssi, programu nyingine ya kuchati. Hiyo ina adabu, haigongi mlango ovyo. Inauliza kwanza, ISON, Kibatari yupo? Seva inarudisha majina ya waliopo. Likiwemo, inatulia, baadaye inauliza tena. Lisipokuwemo, hapo hapo inapiga NICK. Na mzuka ukiaga mbele yake kwenye chaneli, yaani chumba cha mazungumzo, haisubiri zamu ya kuuliza, inadaka jina hewani. Nilikaa kuitazama ikifanya kazi nikafurahi peke yangu. Kwangu mimi ndicho kiumbe pekee ndani ya nyumba kinachouliza kabla ya kuchukua.

Wapo wanaonishauri nikodi seva ughaibuni niweke ZNC, programu inayobaki imeunganishwa IRC muda wote, ikae macho badala yangu, mimi niingie na kutoka nipendavyo na jina lisitikisike. Kwa dola, kila mwezi. Yaani jina langu nilipangishie Ujerumani, na mimi mwenyewe kodi ya chumba Mbagala inanitoa jasho! Jina litakuwa na umeme saa ishirini na nne, mwenye jina ana mshumaa.

Kwa hiyo tulibaki na skripti, na tungebaki salama, ila yule mpwa ana ugonjwa wa kusaidia watu wasioomba. "Mjomba, nimekuwekea na kwenye simu. Umeme ukikatika, bando linaendelea." Na nywila kaiweka. Na REGAIN kaiweka. Shikamoo ya kuagana juu yake.

Umeme ukarudi usiku wa manane. Kompyuta ikaamka, ikakuta jina lina mtu, ikaamuru REGAIN. Simu ikatupwa nje. Simu ikarudi, ikakuta jina lina mtu, REGAIN. Kompyuta ikatupwa nje. Ikarudi. Mke wangu akaamshwa na mwanga.

"Baba Zawadi, unagombana na nani saa nane hii?"

"Mimi? Mimi nimelala."

Kweli nilikuwa nimelala. Walikuwa wanagombana wao, mmoja kwenye meza, mwenzake chini ya mto, na kule kwenye chaneli watu wa nchi nne wanasoma: Kibatari kaingia, Kibatari katolewa kwa amri ya Kibatari_, Kibatari kaingia. Mpaka alfajiri.

Msimamizi wa chaneli alipoamka hakuuliza. Kapiga marufuku Kibatari*!*@*. Hiyo nyota ya kwanza maana yake Kibatari pamoja na kila mkia atakaoota.

Simu nikaizima. Nikaingia kwa jina la Koroboi, nikapokewa vizuri tu. Sijamaliza kuandika hamjambo, keepnick kwenye kompyuta ikaona Kibatari hana mtu, ikanirudishia jina langu kwa adabu zake zile zile. Nikazibwa mdomo nikiwa ndani. Nikatoka, nikaingia tena Koroboi, ikanirudishia tena.

Nimemwandikia msimamizi pembeni, nimemweleza yote kuanzia umeme. Kajibu kwamba yuko tayari kunifungulia, ila kwanza nithibitishe mimi ndiye Kibatari wa kweli na si yule mwingine.

Nimemwambia yule mwingine ni Tecno, iko kwenye chaji.