Si teknolojia mpya, na pumba si zote sawa

Mwandishi wa makala moja niliyosoma anasema kutumia kuvu kupata vimeng'enya (protini zinazovunjavunja vitu kama wanga) kutoka kwenye mabaki ya mazao, kama pumba za mpunga, ni "teknolojia mpya". Mpya kwetu, labda. Mjapani Jokichi Takamine alipata hataza (haki ya uvumbuzi) yake Marekani mwaka 1894: aliotesha koji, kuvu anayetumiwa Japani kuchachusha vyakula, kwenye pumba za ngano, akatoa kimeng'enya cha kuvunja wanga, kikauzwa kama dawa ya tumbo.

Mimi nalima uyoga wa mamama kwenye majani makavu ya mpunga. Nikiyashindilia kwenye mfuko yanachoma vidole. Baada ya mavuno mawili matatu, yanasagika kama biskuti iliyolowa. Hiyo ndiyo kazi ya vimeng'enya vya uyoga, huhitaji darubini.

Kinachochekesha, adui yangu mkubwa ni ukungu wa kijani, kuvu aitwaye Trichoderma. Ukiingia mfuko mmoja, utoe nje haraka. Kumbe ndugu yake, aliyekutwa akila turubai za jeshi la Marekani Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndiye anayefugwa viwandani leo kwa vimeng'enya vya kulainisha jinzi!

Halafu mwandishi amesema tu "pumba za mpunga". Zipi? Zile laini wanazokula kuku zina chakula cha kutosha kuotesha kuvu. Maganda magumu yanayochomea matofali yamejaa silika (madini magumu kama ya mchanga), kuvu atahangaika nayo sana. Na kwetu zile laini haziokotwi bure, wafugaji wanazigombania mashineni.