Ramani Ziuzwe au Zisiuzwe? Zawadi za Upelelezi Kwenye Gemu za Zamu

Vijiwe vya gemu vya Sinza na Kinondoni, wanapopokezana kompyuta moja kwenye Civilization IV (2005), gemu ya kujenga dola ambayo ramani yake imefichwa mpaka uipeleleze, swali hili halina dawa: aliyenunua ramani apewe zawadi ya mvumbuzi?

Zawadi yenyewe nono. Wa kwanza kuizunguka dunia, kila meli yake inaongezewa mwendo wa mraba mmoja kwa zamu hadi gemu iishe. Karaveli (meli ya upelelezi) ya 3 inakwenda 4. Galioni ya kubeba jeshi inatoka 4 hadi 5, na kwenye vita vya visiwani hapo ndipo adui anakuta askari wameshashuka ufukweni hajajipanga.

Kasoro iko kwenye hesabu. Gemu haiulizi meli imepita wapi. Inaangalia tu kama unaujua angalau mraba mmoja katika kila safu wima ya ramani. Mjanja anatafiti teknolojia ya Optiki apate karaveli, anatuma moja mashariki na nyingine magharibi. Karaveli hupita hata kwenye maji ya taifa lililofunga mipaka. Akikutana na taifa jipya ananunua ramani yao (mmoja wenu akiwa na teknolojia ya Karatasi inatosha), halafu anaziba mapengo. Nusu ya dunia hajaikanyaga.

Wengi huharibu kwa tamaa ya kuuza mapema. Umebakiza safu tatu, mwenzako anazo hizo tatu tayari, unampa ramani kwa dhahabu kidogo: tangazo la kuizunguka dunia linatoka kwa jina lake. Ziba kwanza, uza baadaye, tena uwauzie wote zamu ileile, maana uliyemuuzia wa kwanza anaweza kuigeuza biashara yake.

Wanaotetea biashara hii wana hoja. Aliyetoa meli kapoteza zamu za kujenga, na ramani ndiyo mali yake, kama dalali wa nyumba anayedai hela ya kuzungusha mteja. Anayenunua naye hapati kila kitu: anaonyeshwa kile muuzaji alichokiona, si kinachoendelea leo.

Civilization V (2010) ilifuta kabisa uuzaji wa ramani. Anayekuwa wa kwanza kukutana na dola-mji (kataifa ka mji mmoja kanakoendeshwa na kompyuta) anapata dhahabu 30, wengine 15. Anayecheza na taifa la Hispania akiwa wa kwanza kuona ajabu ya asili (kama mlima maarufu) anavuna 500, akichelewa 100. Jasho linalipwa, sawa, lakini bahati ya pa kuanzia nayo inalipwa, na hilo watetezi wake hulipita kimyakimya. Civilization VI imelifanya vizuri zaidi: kuona ajabu ya asili kunakupunguzia asilimia 40 ya utafiti wa teknolojia ya Astrolojia bila kujali nani kakutangulia.

Kwa hiyo biashara ya ramani haina kosa. Kosa ni kumpa mnunuzi taji la mvumbuzi. Kwa kuwa gemu yenyewe haitenganishi, kijiwe kikubaliane kabla ya zamu ya kwanza: ramani zisiuzwe mpaka tangazo la kuizunguka dunia litoke. Wanaocheza Freeciv, gemu ya aina hiyohiyo ambayo ni ya bure, wana njia ya kati. Mkataba unaruhusu kutoa ramani ya bahari peke yake, kwa hiyo unaweza kumuuzia mtu njia ya majini bila kumwonyesha miji yako ya bara.